Baba, Tumetoa Albamu ya Kelele

Baba yangu,

Usinicheke mwandiko.

Tumetoa albamu. Mimi kwenye gitaa, Masatu kwenye ngoma, Neema kwenye besi. Tuliirekodi Musoma, kwenye studio ya chumba kimoja nyuma ya duka la vipuri, na fundi mitambo alitutazama siku zote kama watu waliokuja kumharibia vifaa makusudi. Ni roki, Baba, lakini ile isiyombembeleza mtu: gitaa linakwaruza, spika inakoroma, na mimi napiga kelele katikati yake.

Unakumbuka siku ya kwanza niliyolifungulia gitaa sauti yote pale sebuleni kwetu Nyasura? Ulivua miwani. "Bhoke, hicho chombo kinaumwa?" Halafu ukakaa, mwalimu wa kwaya mzima, ukasikiliza mpaka mwisho. "Mapigo unayo," ukasema. "Wimbo bado."

Wimbo mrefu kuliko yote tumeuita "Mugeta". Ni ile Jumamosi mchana, upepo ulipong'oa mabati ya kanisa la Mugeta mkiwa kwenye mazoezi ya kwaya. Mimi nilikuwa kisimani. Mlio ule niliusikia, na kwa miaka mitatu nimeshindwa kumweleza mtu yeyote ulivyokuwa. Nikautafuta kwenye gitaa.

Nikuambie ukweli, niliurekodi kwa hasira. Watu walisema wote mlishatoka, wewe ukarudi ndani kuchukua kinanda. Kinanda! Nilikuwa nakugombeza kila siku, hata nikiwa naosha vyombo.

Albamu ilivyopokelewa, afadhali nisikufiche. Redio moja ya Musoma walipiga wimbo wa kwanza, haikufika nusu dakika mtangazaji akaukata, akawaomba radhi wasikilizaji kwa hitilafu ya mitambo. Bunda, mwenye duka la muziki alinirudishia flashi: "Dada, hii imeingia virusi."

Juzi tukaenda Butiama, tukaipiga yote ukumbini, mchana kweupe. Watu walikuja wengi. Kufika wimbo wa tatu, viti vingi vilikuwa vitupu.

Mstari wa mbele alikaa Mama Sabina, yule wa sauti ya kwanza kwenye kwaya yako. Nilishtuka kumwona. Tangu tukuzike hajaimba, wala hajakanyaga kwetu. Tulipoanza "Mugeta" akashika magoti yake kwa mikono miwili, machozi yanamtoka. Nikataka kuacha. Akanipungia mkono: endelea.

Tulipomaliza hakuna aliyepiga makofi. Akaja mpaka jukwaani.

"Ndivyo mabati yalivyolia," akasema. "Hivyo hivyo."

Akanishika mkono.

"Mwanangu, Mwalimu hakurudia kinanda. Alinirudia mimi. Benchi lilinibana mguu. Akalinyanyua, akanisukuma nje, ndipo boriti ikashuka. Watu waliposema kinanda, nikanyamaza. Nilikuwaga naogopa mtaniuliza kwa nini mimi nipo na yeye hayupo."

Gitaa liliniponyoka, Baba. Likaanguka karibu na spika, likaanza kulia peke yake, na hakuna aliyelizima. Masatu ameinua vijiti vyake hewani, Neema ameziba mdomo. Mimi nimesimama tu. Miaka mitatu nimemkasirikia mtu ambaye hakuwahi kuwepo.

Nisamehe. Sijui kuliandika vizuri zaidi ya hivyo.

Jana nilimleta Mama Sabina nyumbani. Alikula ugali na samaki, akasema Jumapili atarudi kwaya, akijaliwa. Nikajikaza, nikamuuliza kama ulisema neno lolote mle ndani. Nilitegemea sala, au majina yetu.

"Hakusema la maana sana, mwanangu. Alisema, 'Sabina, toka bwana, unanichelewesha.'"

Ni wewe kabisa. Tulicheka mpaka tukashikana, na kicheko kikageuka kilio, na hatukuhangaika kukizuia.

Lala salama, Baba. Leo ndiyo nimekuzika.

Binti yako mkubwa,
Bhoke