Jina la Wifi Sitalifuta

Kibuye, Kisumu
14 Machi 2025

Kwako Kaka Obonyo,

Salamu nyingi zikufikie huko Lodwar. Natumaini jua la huko na vumbi la barabara mnayojenga havijakushinda. Sisi hapa tu wazima. Watoto wanasoma, baba yao anaendelea na mpunga wake Ahero, na mvua imeanza mapema. Afya yangu ni njema, ila hasira ninayo na sitakuficha.

Ujumbe wako nimeupata. Umeniamuru nifute jina la mke wako kwenye daftari la kazini kabla ya Pasaka, la sivyo nisikanyage tena nyumbani Kombewa. Simu zako sipokei kwa kuwa najua utanifokea. Barua utaisoma hadi mwisho, hata kama ni kwa kusonya. Jibu langu ni kwamba silifuti. Sasa kaa chini nikueleze.

Mwezi wa kwanza Bi Vasanti, mwenye duka la dawa ninapofanya kazi, alirudi kutoka mafunzoni na mori mpya. Alisema dukani kwetu wanapita watu wengi wasioweza kujitetea: wazee, wagonjwa wa akili, wanawake ambao waume zao ndio hueleza hata tumbo linauma wapi. Alisema sisi tunawapa dawa na kuwaaga bila kuwatazama. Basi tukaondoa maboksi ya nepi kwenye stoo, tukaweka viti viwili na pazia, ili mtu aseme shida yake bila foleni nzima kusikia. Mwenzangu Waswa alitucheka, akasema tumefungua chumba cha maungamo na yeye hana upadri. Wiki hiyo hiyo mama mmoja alikaa humo saa nzima akilia, na Waswa ndiye aliyempigia simu afisa wa ustawi wa jamii. Tangu hapo hacheki.

Tulikubaliana pia kwamba mgonjwa akichukuliwa dawa na mtu mwingine miezi mitatu mfululizo, ni lazima tuisikie sauti ya mgonjwa mwenyewe. Na lolote la kutia shaka liandikwe kwenye daftari, awe nani awe nani. Kazi ya kupiga simu nilipewa mimi. Nikaanza na Mama yetu, kwa kuwa wifi Atieno ndiye humchukulia dawa, na niliona hiyo ingekuwa simu rahisi ya kujifunzia.

Saa nne asubuhi wifi aliniambia Mama amelala. Saa saba, amelala. Saa kumi, bado amelala. Mama yetu huyu, Kaka, aliyekuwa akituamsha kabla ya jogoo! Kesho yake niliomba ruhusa nikaenda Kombewa. Nilikuta mlango wa chumba chake umefungwa kwa nje. Mama alikuwa juu ya godoro lililolowa, midomo imekauka, macho yanafunguka nusu na kujifunga. Hakunijua. Nilimfikisha hospitalini, na daktari akasema vidonge vya usingizi vimemzidi, na kwamba siku chache zaidi angeacha kupumua.

Wifi hakukana. Alilia, akasema tangu Mama aanze kupotewa na akili hutoka na kuelekea ziwani, na yeye ana watoto wanne na meza ya dagaa wa omena sokoni, na wewe unaonekana Krismasi kwa Krismasi. Alisema alimlaza na kumfungia ili jioni amkute hai. Nilimwamini. Hata hivyo niliandika, kwa sababu kumwamini wifi hakukumwondolea Mama hatari.

Mama alipotoka hospitalini, Baba mdogo Ooko aliita kikao. Alisema mambo ya boma hayaandikwi na binti aliyeolewa, kwamba mimi pale ni mgeni tu. Nilimuuliza, kwa heshima yote, wenyeji walikuwa wapi mlango ulipofungwa kwa nje. Akasema mji umeniharibu. Niliondoka na Mama siku hiyo hiyo, na hadi leo yuko kwangu.

Lakini kuna jambo sikulisema kwenye kikao, na mficha uchi hazai. Unanilaumu kwamba nimemwanika Atieno. Ungelifungua daftari hilo ungeona kwamba jina la kwanza, juu ya lake, ni Debra Ajwang. Vidonge vile nilimpa mimi. Baada ya mazishi ya Baba, daktari alimwandikia Mama vya wiki moja tu. Vilipokwisha wifi alirudi, nami nikampa vingine bila karatasi ya daktari, mwezi baada ya mwezi, miezi mitano. Mteja mwingine ningemrudisha. Lakini unajua kwetu, kumdai mke wa kaka yako karatasi ya dawa ya mama yako ni kumwambia humwamini hata na chungu cha mama yako. Niliona haya. Nilimfungia kifurushi, nikamnunulia soda, nikamwambia amsalimie Mama. Sikuuliza hata mara moja Mama anaamka saa ngapi.

Nakala ya daftari imekwenda kwa bodi inayotupa leseni. Huenda nikanyang'anywa yangu. Naogopa, Kaka, na kuna siku nalia nikiwa jikoni. Lakini nikifuta jina la Atieno itanibidi nifute na langu, na hapo binti mwingine atamfungia wifi yake kifurushi kama nilivyofanya mimi.

Nilipomaliza kuandika, Bi Vasanti aliuliza kama kuna mwingine aliyehusika. Nilitaka kuandika jina lako. Kalamu nilikuwa nayo mkononi. Sikuliandika kwa sababu tu daftari lile ni la waliompa Mama dawa, si la waliomwacha.

Watoto wanakusalimu sana, na baba yao pia. Mama yuko hapa karibu nami, macho makavu, anamenya njugu. Ameniuliza namwandikia nani. Nikamwambia Obonyo. Akauliza Obonyo ni nani. Nimemwambia ni mwanawe wa kwanza, na kwamba yuko njiani anakuja. Usinifanye mwongo.

Ni mimi dada yako asiyefuta,
Debra Ajwang