Faili Zenye Majina ya Watu

Mama,

Shikamoo. Goti lako linasemaje siku hizi, limekubali kupanda ngazi za kanisa? Mimi mzima wa mwili. Huku Kisii mvua haipigi hodi, imehamia kabisa.

Yule Onsongo niliyekusimulia, mchoraji wetu wa ofisini, tumemzika kwao Nyaramba. Alikuwa akitengeneza mwongozo wa tovuti ya duka letu la mapazia: rangi zipi zitumike, herufi zipi, picha zikae vipi. Kompyuta yake nimepewa mimi, nipange faili zake ili wanaojenga tovuti wazifuate.

Nikakuta mafolda yana majina ya watu: Makori, Kwamboka, Kerubo. Nikasema moyoni, hizi ni picha za jamaa zake, si haki yangu kuchungulia. Nikazitia kwenye flashi, nikampelekea mjane wake nikisema ni picha za kwao, na hapa nikazifuta kabisa. Nilijiona mtu mwenye adabu kweli.

Bi Jaya mwenye duka alipoutaka mwongozo, haukuwepo. "Kama hiyo kazi haionekani, Zawadi, kesho usije." Nikamweleza Kemunto, mwenzangu, Mkisii wa hapa hapa. Akanitazama kwa huruma.

"Hao si watu. Kwetu Makori ni mtoto amezaliwa njiani. Hizo rangi Onsongo alichagua akiwa kwa gari, akitoka Ogembo. Kila kazi alikuwa anaipea jina vile ilizaliwa."

Nikaenda Nyaramba mbio. Mjane alikuwa akichuma chai, flashi ameifunga kwenye pindo la leso. Simu ya marehemu ilipotea na picha zake zote akiwa mgonjwa, na kwenye mazishi waliikuza picha ya kitambulisho mpaka uso ukawa ukungu. Kwa hiyo flashi yangu ilipofika, aliwachukua watoto mpaka saiba, kwenye kompyuta za kulipia, wamwone baba yao.

"Tuliangalia zote," akaniambia. "Ni rangi tu, na herufi, na mapazia." Kisha akauliza, "Hata picha moja hakuna, yenye alijipiga?"

Nikasema hakuna. Akanipa flashi, akarudi kwa chai yake.

Kazi ninayo, Mama, lakini furaha sina. Bi Jaya ameamuru yale majina yote yawe namba. Nimeyabadilisha. Nilipofika kwa Makori nililia.

Msalimie baba mdogo, fundi wa baiskeli, na shangazi Righa anayekuchotea maji. Mmoja wao akupige picha wiki hii, hivyo hivyo ulivyo, hata kama hujasuka. Usiniambie eti tungoje mpaka Krismasi.

Mwanao akuwazaye,
Zawadi