Adan Alipodai Krismasi

Alhamisi, jioni. Garissa imechemka mchana kutwa, vumbi limejaa hadi kwenye kope, na mimi nacheka peke yangu chumbani.

Tumeshinda!

Juzi sikuwa na kicheko. Hospitali yetu ya binafsi inajadiliana na chama chetu cha wafanyakazi kuhusu mkataba mpya, na mimi ndiye katibu wa tawi. Tuliomba mambo mawili: mapumziko ya kufuturu kwa walio zamu ya jioni mwezi wa Ramadhani, na likizo ya Krismasi kwa wenzetu waliotoka mbali. Meneja akatabasamu, akasema tuchague moja.

Alijua anachofanya. Sisi Waislamu ndio wengi.

Kundi letu la simu likawaka moto. Adan, dereva wa ambulensi, hapendi kuandika, kwa hiyo alimimina ujumbe wa sauti kwa Kisomali, mmoja baada ya mwingine. Muuguzi Mwende, mtu wa Kitui, hakuelewa hata neno. Ana binti mdogo anayelelewa na nyanyake huko, na Krismasi iliyopita walionana kwenye simu tu. Akaandika, "Mnatuuza," kisha akatoka kwenye kundi.

Nilimkasirikia. Adan nilimkasirikia zaidi.

Jana nikawaketisha wote kantini. Wengine walitaka tupige kura, yaishe. Adan akakataa katakata. Kwao Buna, alisema, watu wakikosana hukaa wakazungumza mpaka wakubaliane, hata kama itachukua siku nzima.

"Wallahi, tukipiga kura Mwende nashindwa," alisema kwa Kiswahili chake cha kuungaunga. "Halafu mimi naleta mgonjwa, nani napokea? Si yeye?"

Basi tukakaa. Tulirushiana maneno mpaka mpishi akatuondolea vikombe. Mwishowe Mwende akapiga meza.

"Kwani mnadhani sitaki mfuturu? Nani hushika wodi mkienda kumeza tende mbiombio?"

Kisha Adan akaanza kucheka, mabega yote yakitikisika.

"Abaayo, dada yangu, hiyo maneno kesho sema wewe. Ya Krismasi wachia mimi."

Leo asubuhi meneja alikaa akisubiri tuparurane. Mwende akasimama, msalaba shingoni, akadai futari. Alieleza vile mtu aliyefunga kutwa anavyotetemeka mkono akitafuta mshipa wa mgonjwa. Akafuata Adan na ndevu zake za hina, akadai Krismasi kwa sauti ya mtu anayedai ngamia wake mwenyewe. Nilijivunia hao wawili.

Meneja akanigeukia mimi. Nikamwambia huo ndio msimamo wa tawi zima, na hatuchagui.

Meneja na wenzake wakatoka kushauriana. Waliporudi, yote mawili yaliingia kwenye mkataba, na nikatia sahihi yangu kubwa kuliko ilivyohitajika.

Nje, Mwende akampigia binti yake. Alipata kusema jina lake tu, machozi yakamzidi. Adan akaichukua ile simu.

"Mtoto, salama? Krismasi mama yako nakuja. Mimi mzee Adan ndio nasema. Chapati yangu niwekee."

Nina zamu ya asubuhi na sare yangu haijapigwa pasi. Hayo ya kesho nitayakuta huko huko. Jioni hii nimeridhika na watu wangu.