Aliyekaanga Hakuonja

MAELEZO YA SHAHIDI

Jina: Sperancia binti Gaudiosus
Umri: Miaka 56
Dini: Mkatoliki
Kazi: Mkulima wa ndizi na kahawa
Makazi: Nyakasimbi, Wilaya ya Karagwe
Tarehe na saa ya kuandikwa: 19 Machi 2025, saa 4:10 asubuhi

Mimi niliyetajwa hapo juu nimeonywa kuwa kusema uongo mbele ya polisi ni kosa, na nimeelewa. Naomba iandikwe pia kuwa sikuitwa na mtu. Nimekuja kwa miguu yangu kwa sababu Kemirembe yuko mahabusu na mtoto mchanga anayenyonya, na mimi najua jinsi baba mkwe wake alivyokufa.

Marehemu Mzee Anastazi alikuwa jirani yangu. Shamba lake na langu yametenganishwa na njia ya mguu tu. Alikuwa mjane, akiishi na Kemirembe, mke wa mwanawe mdogo Nolasco. Nolasco anafanya biashara Bukoba na ndiye aliyemletea mkewe friza ili auze barafu kwa watoto wa shule. Mtoto mkubwa wa mzee ni Yustus, anaishi Kayanga. Yeye ndiye aliyemshitaki Kemirembe hapa kituoni.

Mnamo tarehe 9 Machi, siku ya Jumapili, ilinyesha mvua ya radi baada ya misa. Kemirembe hakuwepo. Tangu jana yake alikuwa Nyakahanga hospitalini, mtoto ana homa. Mvua ilipokatika nilimwona mzee akipanda bodaboda, amevaa koti lake la misibani. Aliniambia anakwenda Nyakatuntu, Kyerwa, kumzika shemeji yake, nimwangalizie kuku. Kuhusu friza hakusema kitu, nami sikuwa na la kuuliza.

Mnamo tarehe 12 Machi, Jumatano, kama saa tisa alasiri, mzee, akiwa amerudi kutoka mazishini, aliniita kwa sauti ya chini kutoka uani kwake. Nilikuta maji yametiririka kutoka stoo hadi kizingitini, na harufu ikanipokea mlangoni. Mfuniko wa friza ulikuwa wazi. Ndani mlikuwa na samaki waliolainika na mfuko wa senene uliojaa maji meusi. Mzee alinieleza kwamba Jumapili, radi ilipoanza, alichomoa plagi ya friza pamoja na ya redio, kisha akaondoka bila kuirudisha. Mzee huyu radi iliwahi kumuulia ng'ombe wawili, na tangu hapo wingu likiguna tu yeye huchomoa kila kitu. Tulikuwa tukimtania kwamba siku moja atachomoa na jua.

Afande si mtu wa huku, kwa hiyo naeleza habari ya senene. Ni panzi wa kuliwa, wanaanguka Novemba na mvua. Kemirembe aliwakamata kwenye taa, akawanyonyoa mabawa na miguu, akawagandisha. Walikuwa fungu la baba mkwe wake. Kwa desturi ya zamani mwanamke anakamata, ananyonyoa, anakaanga na kutenga, lakini hawatii mdomoni. Siku hizi tunakula wote. Mimi nakula, na Kemirembe anakula hata akitembea sokoni. Lakini mbele ya mzee hakula hata siku moja. Hakulazimishwa na mtu. Ilikuwa heshima yake kwa mzee, na mzee aliipenda heshima hiyo kuliko senene wenyewe.

Samaki tuliwafukia migombani bila ubishi. Nilipoushika mfuko wa senene, mzee alinishika mkono. Alisema, "Hawa ni wa mkwe wangu. Siwezi kuwafukia kama mzoga." Alikuwa amewaweka kwa ajili ya siku ya kumpa mjukuu jina, na msimu uliopita senene walikuwa haba, hivyo hapakuwa na pa kupata wengine. Alirudisha plagi. Kisha akaniomba nisimwambie Kemirembe kwamba ni yeye aliyechomoa, kwa sababu ataonekana mzee asiyeweza kuachiwa nyumba. Niliona aibu yake na nikanyamaza. Kesho yake senene walikuwa wameganda tena, wagumu kama jiwe, na mtu asiyejua angesema hawakuwahi kuguswa.

Mnamo tarehe 13 Machi, Alhamisi, Kemirembe alirudi kutoka hospitalini. Nilimwambia siku hiyo hiyo, tukimenya ndizi. Nilimwambia kila kitu isipokuwa nani aliyechomoa. Alikwenda kwa baba mkwe wake, akapiga magoti, akamwomba awatupe. Mzee alimwambia wameganda vizuri, hawana neno, na kwamba Jumamosi atawala. Kemirembe alirudi kwangu akashika tena kisu cha ndizi. Mkaza mwana atabishana vipi na baba mkwe wake kuhusu chakula alichomtengea kwa mkono wake mwenyewe?

Mnamo tarehe 15 Machi, Jumamosi, jioni kabla jua halijazama, nilikuwa jikoni kwa Kemirembe. Nolasco alikuwa amekwama Bukoba, na Yustus alisema ana shughuli. Kemirembe alikuwa ameshika kikaango na hakukiweka motoni. Aliniuliza, "Ma Sperancia, nifanyeje?"

Mimi nilimjibu akaange mpaka wakauke kabisa, kwa kuwa moto hauachi kitu. Hivyo ndivyo nilivyoamini. Alikaanga kwa muda mrefu akifuta macho na kunidanganya kuwa ni moshi. Aliwatenga juu ya jani la mgomba, akapeleka sebuleni, akarudi kukaa nami mkekani. Hakuonja hata mmoja.

Mlango ulikuwa wazi na nilimwona mzee. Alimpakata mtoto, akamwita Ndyamukama, jina la baba wa mzee mwenyewe, akaniita nishuhudie. Kisha akala. Alisema kwa sauti, ili jikoni kusikike, "Watamu, mwanangu." Hawakuwa watamu. Nilimwona akimeza bila kutafuna.

Mnamo tarehe 16 Machi, Jumapili, alfajiri, Kemirembe alikuja kuniita. Mzee alikuwa ametapika mpaka hana cha kutapika, na maji hayakai tumboni. Tulimpakia kwenye bodaboda, nikakaa nyuma nimemkumbatia asianguke. Alikata roho mikononi mwangu kabla hatujafika Nyakahanga. Njiani hakusema neno. Ningependa niseme alisema jambo, kwa sababu lingemsaidia Kemirembe, lakini hakusema.

Mnamo tarehe 18 Machi tulimzika. Pale kaburini Yustus alisimama akasema kikulacho ki nguoni mwako. Akamwonyesha Kemirembe kidole, akasema, "Aliyekaanga hakuonja. Wote mnajua huyu anakula senene." Ni kweli, wote tunajua. Nilianza kueleza, nikaambiwa mwanamke hagombani kaburini. Nolasco aliinamisha kichwa na hakumtetea mkewe. Hilo limeniuma kuliko maneno ya Yustus, maana Yustus namjua tangu utoto. Kabla ya giza Kemirembe alichukuliwa.

Afande ameniuliza kama kuna kielelezo. Senene wameisha. Ndani ya friza, damu ya samaki na yale maji meusi vilikuwa vimegandia chini, na mtu yeyote angeona kuwa vitu viliyeyuka vikaganda upya. Lakini siku ya msiba akina mama waliiosha kwa sabuni ili kuweka nyama ya waombolezaji. Walifanya kwa wema. Mimi mwenyewe nilishika kitambaa.

Nasema kwamba Kemirembe hakumwekea mzee sumu. Mzee alichomoa plagi kwa hofu ya radi, akala kwa kumpenda mkwe wake na kwa aibu. Kemirembe hakuonja kwa kumheshimu. Sijui sheria inaliitaje jambo la namna hiyo. Mtoto ana mwezi mmoja na ametoka kuugua, na sakafu ya mahabusu ni baridi.

Niliyoyaona na kuyasikia ni hayo, sina jingine.

Dole gumba la kulia la shahidi: (limewekwa)
Sperancia binti Gaudiosus

MAELEZO YA MWANDISHI: Nimeandika mimi, Koplo wa zamu, kwa Kiswahili, nikamsomea shahidi, naye akakubali kuwa ni sahihi na kuweka dole gumba mbele yangu saa 5:35 asubuhi. Mpelelezi azingatie: shahidi anathibitisha kuwa mtuhumiwa alijua, siku mbili kabla ya kupika, kwamba chakula hicho kilikuwa kimeharibika. Shahidi alipoelezwa hivyo aliomba maneno "Nilimwambia siku hiyo hiyo" yafutwe. Amejulishwa kuwa maelezo yakishawekwa dole gumba hayafutwi. Amekaa nje kwenye benchi na amekataa kuondoka.