Bahari ya Sebuleni

Ijumaa, 1 Agosti
Nimewalisha samaki wa Zuhura kabla ya kwenda kupuliza salfa kwenye mikorosho. Wazima. Wawili wa rangi ya chungwa wenye mistari myeupe, kitatange mmoja, na kaa asiye na haya. Tangi lao dogo la kioo liko mezani pale pale alipoliweka mke wangu. Lina mfuniko, na juu yake kitambaa alichofuma mwenyewe. Nikishawalisha nakirudisha vile vile.

Zuhura yuko kwao Pande, pwani, tangu baba yake afariki. Alikwenda kukaa na mama yake kipindi cha eda. Eda imekwisha. Hajarudi. Namtaka arudi. Sina namna nyingine ya kuliandika hilo.

Leo fundi vioo kutoka Masoko amepima ukuta wa sebule. Tangi jipya litachukua ukuta wote, mlangoni hadi dirishani. Zuhura alikuwa akilalamika kwamba huku Mitole hakuna bahari. Basi itakuwepo.

Jumamosi, 9 Agosti
Vioo vimefika. Havikupita mlangoni. Tumevunja dirisha. Makochi yako barazani, kuku wameshayazoea. Kaka yangu Hassani amekuja kutazama, akauliza kama nimerogwa. Nikamjibu ndiyo, zamani sana, siku ya harusi. Hakucheka. Anasema mikorosho inataka dawa na mimi najenga bwawa ndani ya nyumba. Ana haki ya kusema. Sina masikio.

Jumapili, 17 Agosti
Maji! Shemeji yangu Shomari, mdogo wake Zuhura, ameyaleta kutoka Pande kwa kirikuu chake, kile kigari cha mizigo, mapipa na madumu, yakimwagika njia nzima. Ameleta na mchanga, na mawe ya ufukweni yenye majani na vidudu vyake. Matumbawe hai nilimkataza, hayaruhusiwi kung'olewa.

Nikamuuliza dada yake hajambo. Hajambo. Anasemaje? Hasemi kitu. Nilitaka kumtikisa. Gari lilipogeuka kurudi Pande nililitazama mpaka vumbi likatulia.

Jumanne, 19 Agosti
Maji kama togwa. Nasubiri yatulie. Simu ya Zuhura inaita tu.

Jumapili, 31 Agosti
Yametulia. Nimewahamisha samaki. Wavuvi wa madema wa Pande wameniletea na wengine kwa mkono wa Shomari: kangaja, pono mdogo, na kiti cha pweza chekundu chenye umbo la nyota. Nikawasha taa. Yale mawe niliyodhani yamekufa yamefunguka, vitu vidogo vinapunga mikono humo, vya zambarau, vya kijani. Nimekaa sakafuni bila kuvua viatu vya shamba. Nyumba nzima inanuka bahari. Zuhura akirudi kutoka kwao hunuka hivi hivi kwenye khanga. Nimemtamani.

Watoto wa chuo wamechungulia dirishani wakiwa na juzuu zao. Nimewaacha waangalie.

Nimemtumia video. Akajibu kwa sauti: "Mashaallah, Baba Salma. Pamependeza." Basi. Salma, binti yetu, yuko bweni Lindi, kwa hiyo hakuna wa kunicheka nikisikiliza maneno manne tena na tena. Nimekufa nikaoza, na mvi hizi.

Ijumaa, 12 Septemba
Maji yanapungua haraka. Tangi halina mfuniko, na feni inapuliza juu yake kutwa. Nimemwagiza Shomari mengine. Tone la maji ya kisima halitaingia humu. Samaki wa bahari wapewe bahari. Ukingo wa kioo umeota ukoko mweupe, naukwangua kila asubuhi.

Zuhura kimya. Nimenuna. Kama anataka kurudi, njia anaijua.

Ijumaa, 26 Septemba
Kiti cha pweza kimelegea. Pono hali. Mawe yamejifunga. Gari limeleta maji tena, nimeongeza. Korosho zimeanza kuanguka. Hassani anaokota peke yake na salamu yangu haitikii.

Jumapili, 5 Oktoba
Mmoja wa wale wa chungwa amekufa. Mwenzake anazunguka jiwe. Nimelia, mtu mzima, na kichujio cha chai mkononi. Ni samaki wake aliyeniachia. Akiniuliza nitamwambia nini? Nimemwomba Shomari amweleze, mimi siwezi.

Alhamisi, 9 Oktoba
Amekuja. Ameshuka kwenye kirikuu katikati ya mapipa, kwa buibui lake jeusi, na kapu dogo tu. Hakuliweka chini. Akalitazama tangi. Akachovya kidole, akaonja, akatema.

"Haya yamekuwa maji ya majaruba ya chumvi, Baba Salma. Jua linakunywa maji, chumvi linakuachia. Wewe unaongeza chumvi juu ya chumvi. Mimi lile dogo nilikuwa natilia maji ya mtungini. Hukuniona?"

Sikumwona. Miaka yote ile.

Tumeteka kisimani, yeye na mimi. Ndoo moja, kusubiri, ndoo nyingine. Ametoka jasho, amenisukuma nilipomimina kwa pupa. Nimefurahi mno, ni aibu. Alasiri yule wa chungwa akala.

Ndipo nikamwuliza mbona harudi, ni kwa ajili ya mama? Akasema mama ana Shomari na mkewe, hakumshika mtu. Akajifunga mtandio.

"Kila mara gari linatoka kwako kwenda Pande kufuata maji. Mama anachungulia dirishani nani kashuka. Anashuka Shomari na madumu."

Akapanda gari la Shomari, akaondoka nalo.  Mke aliyekaa kwao hufuatwa. Mume huja na mzee wa upande wake, akabisha hodi, akasema shida yake. Najua hayo tangu sijaota ndevu. Nimefuata mpaka mchanga.

Jumamosi, 11 Oktoba
Naandika Pande. Samaki nimemwachia Hassani, na mtungi wa maji ya kisima. Amekubali.

Nimekuja na Mjomba Bakari. Sukari, doti ya khanga. Mama mkwe alitukaribisha ukumbini, nikampa shikamoo, akaitika marahaba bila kunitazama. Mjomba ndiye aliyepaswa kusema. Alianza kwa mbali, habari za korosho, habari za mvua. Nikashindwa kuvumilia. Nikasema mimi mwenyewe, nimemfuata mke wangu.

Jikoni sufuria zikanyamaza. Mama mkwe akasema wamesikia, Shomari yuko kazini, watazungumza jioni.

Zuhura akatoka na sinia la chai. Adabu inataka mjomba apewe kwanza. Kikombe cha kwanza alinipa mimi.