Sahani za Kungojea Wazungu

Albertville, kiangazi

Mama yangu mpenzi,

Nakuamkia kwa heshima. Kifua chako kinaendeleaje na vumbi hili? Umepona kweli, au unasema tu umepona? Kaka Asukulu anayekusomea asiruke mstari hata mmoja; namjua. Huku tu wazima, Riziki anakimbia, na tumbo langu limefika mwezi wa nane. Uzima upo, uvumilivu ndio umeniisha.

Uliuliza kwa nini mume wangu hajakuita uje kunizalisha. Sababu ni meza. Ndiyo, mama, meza.

Wilondja ameomba ile karatasi ya serikali ambayo karani mweusi akiipata anahesabiwa kuwa mstaarabu. Kabla ya kuitoa, wazungu huja nyumbani kutazama unavyoishi, na hasa unavyokula. Basi akaenda kwenye mnada wa mzungu mzee aliyekuwa akirudi kwao, akaniletea vyombo vya zamani: sahani za maua ya buluu, tatu zimemeguka ukingo, bakuli la supu lenye mfuniko usio wake, glasi nne za miguu mirefu, uma zilizopinda. Kwetu ukimpa mgeni sahani iliyomeguka, ameshaelewa kwamba humtaki. Huyu mume wangu anasema eti ndiyo heshima, kwa kuwa ni vya kale.

Kwa sababu ya joto natandika barazani, kitambaa cheupe, maua katikati, kila Jumapili na kila siku aliyosikia kwamba labda watapita. Vumbi linashuka juu yake. Naosha sahani ambazo hakuna aliyezilia chakula. Wiki tano nzima! Sisi wenyewe tunakula bugali na majani ya sombe jikoni, chini, mlango umefungwa, kama wezi.

Nikamwuliza, "Baba Riziki, mu hizi sahani tutakulia siku gani?"

"Ngoja kwanza bazungu bapite."

"Na mama?"

"Mama naye angoje. Akikuya sasa ataikala ku mukeka, atakula na mikono, na banaweza kuingia saa ile ile. Unataka banikatalie?"

Nikaenda kulia machozi jikoni. Uchungu wa kumzaa Riziki ulinishika siku mbili, na bila wewe ningekuwa kaburini. Wilondja anajua, alikuwapo mlangoni.

Alhamisi wakaja, mabwana wawili na madamu mmoja. Wilondja amevaa koti, jasho linamtiririka. Madamu akainua sahani, akacheka, akasema bibi yake alikuwa nazo kama hizo, siku hizi kwao hakuna anayezitaka. Niliona uso wa mume wangu ukianguka, na mama, nilimhurumia kidogo. Kisha madamu akanigeukia mimi:

"Wewe nakula hapa siku yote?"

Wilondja akanikazia macho. Nilikuwa nimechoka, miguu imevimba, na uongo ulinishinda.

"Hapana, madamu. Hakuna muntu amekula hapa. Mama yangu iko mbali, ku Baraka, yeye njo tunamungoja."

Akaandika kitu. Nini, hatujui mpaka leo.

Wilondja alininunia siku mbili, hata salamu hakuna. Siku ya tatu, akivua viatu, akasema, "Basi akuye. Umekwisha kumutaja mbele ya bazungu. Bakirudi bakose kumuona, tutakuwa batu ba bongo, tumebadanganya." Akavua kiatu cha pili. "Lakini akifika, umufundishe uma kwanza."

Nilicheka kwa hasira mpaka mtoto akanipiga teke tumboni.

Kwa hiyo njoo. Fika Kazimia, ulizia mashua ya samaki inayoshuka huku. Usingoje wazungu watoe jibu. Mtoto hajui habari za karatasi.

Nisalimie baba, na umwambie shamba lisimfanye akuzuie. Shangazi wa Kilembwe, karanga zake zilifika, ingawa panya walitangulia kuzionja. Mjomba mvuvi naye, na shemeji mke wa Asukulu, nawakumbuka wote.

Habari ya uma isikusumbue, mama. Njoo na mikono yako. Ndiyo iliyompokea Riziki, na safari hii naogopa kuliko ile ya kwanza.

Ni mimi binti yako,
Feza