Kinanda Kilichosafishwa kwa Msasa

3 Februari

Shangazi yangu,

Shikamoo. Vidole vinasemaje? Magoti je? Huku tu wazima. Baba anakohoa kidogo, ila sauti ya kunigombeza bado anayo, usimwonee huruma.

Shangazi, wanataka kukitoa kinanda! Kinanda chako, kile cha mabomba! Jana baada ya ibada Mwenyekiti wa wazee wa kanisa alitangaza kwamba lile "kabati la popo" linakula nafasi, mabomba yakayeyushwe, pale ziwekwe spika. Watu wakapiga makofi. Makofi! Mimi nikajikuta nimesimama, sijui nani aliniinua. Nikasema, "Mzee, na kikilia?"

Kanisa zima likacheka. Mwenyekiti akaniambia, "Binti, umeacha cherehani, umeacha kusuka, umeacha na chuo. Leo wewe wa kufufua kinanda?"

Nikasema ndiyo, mimi.

Basi akatamka mbele ya wote: kikiongoza ibada nzima Jumapili ya mwisho ya mwezi wa tano, bila kukatika, kinabaki. Kikikatika, kesho yake kinatoka.

Kupiga najua. Nimejifundisha kwenye kinanda kidogo cha umeme cha jirani, mpaka jirani mwenyewe kaniomba nikihamishie kwetu apate usingizi. Ila matumbo ya hiki siyajui. Wewe ulikipiga tangu sijazaliwa hadi vidole vilipogoma. Nianzie wapi? Jibu upesi, subira unajua sina.

Mwanao,
Kiroboto


14 Februari

Kiroboto mwanangu,

Marahaba. Vidole vimejikunja kama tangawizi, magoti yanatabiri mvua. Ndiyo afya yenyewe. Na usinipigie simu tena, naisikia kama mende ndani ya kopo. Andika.

Sasa sikia. Kinanda ni pumzi kwanza, vidole baadaye. Nyuma kuna mlango mdogo. Ndani kuna mfuko mkubwa wa ngozi wenye mikunjo. Mtu akipampu ule mpini, mfuko unajaa, upepo unapanda kwenye mabomba. Ngozi ikivuja, hata malaika hapigi kitu. Lowesha shavu, lipitishe kwenye mikunjo. Pakikupuliza, hapo ndipo. Ziba kwa ngozi laini na gundi ya fundi viatu. Polepole. Najua neno hilo kwako ni tusi.

Na mabomba usiyaguse mpaka nikuambie.

Shangazi yako


22 Machi

Shangazi yangu mpenzi,

Shikamoo, na tangawizi zako zote nazisalimia. Baba kikohozi kimemwacha, ugomvi haujamwacha.

Kinapumua! Fundi viatu wa pale kona amekuja mwenyewe. Tumelala chali ndani ya kile kichumba cha nyuma, mashavu yamelowa, tunajisugua kwenye ngozi kama vichaa wawili. Kila palipopuliza tumeziba. Akashika mpini, akapampu, mfuko ukainuka taratibu kama mgonjwa anayejaribu kukaa. Nikabonyeza do. Ikalia! Fundi akasema, "Mungu wangu!" akaachia mpini, na do ikafa palepale.

Sasa kaa kitako. Mabomba mengine yalikuwa bubu kwa vumbi. Ulisema nisubiri, najua, najua. Nimeyachomoa yale madogo yote, safu mbili, nikayaosha kwa sabuni, nikayaanika uani. Yanang'aa ungeyaona! Chini ya kila moja kulikuwa na mikwaruzo mibaya mibaya, nikaisugua kwa msasa mpaka ikatoka. Kisha nikayapanga kwa urefu, kama wanafunzi mstarini, nikayarudisha.

Leo nimepiga. Nabonyeza do, kinalia kitu cha huko mbinguni. Nabonyeza re, ananijibu mbuzi. Mwalimu wa kwaya, ambaye hizo spika anaziota hadi mchana, alikuwa amesimama mlangoni. Mama wa watu amecheka mpaka akakaa chini.

Shangazi, ile mikwaruzo ilikuwa uchafu tu, si ndiyo?

Kiroboto wako


30 Machi

Kiroboto,

Ile mikwaruzo ilikuwa majina yao. Aliyetengeneza kila bomba aliliandika noti yake kwa ncha ya msumari. Nitakuandikia hasira ikishuka.

Dada wa baba yako


14 Aprili

Shangazi,

Shikamoo, hata kama huitikii. Natumaini magoti hayakutesi kama nilivyokutesa mimi.

Mwenyekiti amekuja na mnunuzi wa vyuma chakavu. Wamegongagonga mabomba makubwa ya mbele kama watu wanaochagua tikiti maji. Nimesimama katikati, nikawaambia mwezi wa tano bado haujafika. Mnunuzi akauliza, "Huyu nani?" Mwenyekiti akasema, "Huyu ni upepo tu, utapita."

Sipiti. Cherehani niliiacha kwa sababu ilinichosha. Hiki kinanichosha na bado nakitaka. Usiponijibu nitaendelea kukosea peke yangu. Ukinijibu, nitakosea kidogo.

Mwanao bado


23 Aprili

Mwanangu,

Marahaba. Hasira imeshuka, imebaki magotini.

Msasa umefuta maandishi, haukufuta sauti. Chomoa yote tena. Shika bomba, weka mdomo chini pale upepo unapoingilia, lipulize kidogo kama unayepoza chai. Litakutajia noti yake lenyewe. Na urefu usikudanganye: lenye kifuniko kichwani hulia chini zaidi kuliko lililo wazi, hata kama vimo vyao ni sawa. Ndiyo maana mstari wako ulikuwa wa wazimu. Tenga wenye kofia na wasio na kofia, kisha nenda moja baada ya jingine.

Utachoka, utalia, utaendelea. Na ukimaliza sukutua mdomo vizuri, madini yale si sukari.

Upepo huwa unapita, kweli. Lakini kinanda hakilii bila huo.

Shangazi yako


18 Mei

Shangazi yangu,

Shikamoo. Midomo yangu imevimba, nafanana na samaki. Mengine salama.

Nilianza peke yangu, nimekaa kwenye ngazi za madhabahu, kile kinanda cha jirani magotini cha kulinganishia. Napuliza, nabonyeza, napuliza. Masikio yakachoka, kila kitu kikawa mi. Nyuma yangu sauti: "Hiyo si mi! Hiyo ni fa yenye mafua!"

Mwalimu wa kwaya. Alikuwa anafundisha kwaya uani, akashindwa kuvumilia. Nikamwambia, "Mwalimu, si wewe unataka spika?" Akasema, "Nazitaka, ndiyo. Lakini siwezi kukaa nasikia fa inaitwa mi. Lete hapa!"

Akanipokonya bomba, akapuliza. Akalipuliza jingine. Kisha akaita kwaya yote ndani. Shangazi, ungewaona! Kila mtu na bomba lake mdomoni, Mwalimu anatembea katikati kama askari: "Wewe la, nenda kule. Wewe umejificha, wewe ni si. Baba, usipulize kama unazima moto!" Sauti nene wanagombana na sauti nyembamba, nani mwenye do. Mtu wa besi kapewa kibomba kama kalamu, kinalia kama kifaranga, watu wamegaragara. Yamerudi yote mahali pake. Nimepiga do, na imelia do.

Mwalimu alisimama na mkono kifuani. Kisha akasema, "Spika zisubiri Jumapili ipite."

Zimebaki siku chache. Niombee, lakini kwa sauti kubwa.

Kiroboto


26 Mei

Shangazi!

Shikamoo mbiombio. Utasamehe mwandiko.

Jana kanisa lilijaa, hata wasiosali walikuja, waone nikiaibika. Fundi viatu nyuma kwenye mpini. Wimbo wa kwanza, safi. Wa pili, safi. Mwenyekiti amekunja mikono, mguu wake unafuata mdundo, yeye mwenyewe hajui.

Wimbo wa mwisho, ubeti wa mwisho, sol ikakwama. Nimeinua kidole, yenyewe inalia. Nimegonga kibonyezo chake, inalia. Nikisema upepo usimamishwe, kinanda chote kinanyamaza, na tumeshindwa. Basi nikaendelea kupiga juu yake. Watu wakaimba juu yake. Mwalimu akavua viatu, akapanda ngazi na gauni lake la Jumapili mwilini, akaingia ndani ya kinanda mpaka kiunoni. Mara sol ikakatika. Akatokea amelishika bomba juu kama aliyekamata mwizi. Tukamaliza wimbo bila sol, ila aliyekosa kuisikia hakuna, maana kwaya waliiimba wao.

Mwenyekiti akasimama. "Kilikatika!"

Fundi viatu akatoa kichwa kwenye mlango mdogo, jasho linamtiririka: "Kimekatikia wapi, mzee? Mimi mbona bado napampu?"

Kanisa likalipuka. Mwenyekiti akacheka na yeye, akashindwa kujizuia. Akasema, "Haya. Kinabaki." Kisha akanigeukia, cheko limekwisha: "Lakini kinanda bila mpigaji ni kabati. Siku utakayoruka kwenda kwingine, namwita mtu wa vyuma. Utakaa?"

Shangazi, nimjibu nini?

Mwanao


5 Juni

Mwanangu,

Marahaba. Barua yako nimemsomea kila anayepita mlangoni, hadi muuza maziwa.

Mimi sitakujibia la Mwenyekiti. Nilikaa kwenye lile benchi tangu ujana wangu na hakuna aliyenilazimisha. Kuna Jumapili nilichukia, nilikwenda. Wewe nenda ukiwa umechagua, au usiende. Niandikie ulilochagua.

Shangazi yako


17 Juni

Shangazi,

Shikamoo. Wote wazima.

Siandiki mengi. Mabomba makubwa yanayopigwa kwa miguu bado bubu, Mwalimu ameshika ngazi ananisubiri, na Jumapili naiona kama keshokutwa. Msasa nimeugawa.

Mwanao,
Kiroboto (bado naruka, ila palepale)